Ongeza Kidogo Tu

Siku Bi Veneranda alipoifunua ile laptop juu ya meza ya fundi Thobias, mashine ya kusaga ya mlango wa pili ilipungua sauti, na hakuna mtu aliyeigusa. Unga uliendelea kumwagika kwenye beseni vilevile, mkanda ulizunguka vilevile, ila ule mngurumo unaofanya watu wa kichochoro kile cha soko la Mwanga wasemeshane kwa kupiga kelele ulirudi nyuma kama mtu aliyezibwa mdomo. Thobias alijichokonoa sikio kwa kidole kidogo, akasema moyoni kwamba lazima asafishe masikio. Ndivyo tulivyo. Mtu akisikia jambo geni hujilaumu mwenyewe kwanza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hii kitu spika zake zinasema kwa mbali mno. Nataka uniongezee.”

Alikuwa mama mjane wa Ujiji, mtu mzima, aliyewahi kuuza mawese pale sokoni kabla ya magoti kumgomea. Laptop aliileta imefungwa ndani ya kitenge, mafundo mawili, kama mtu anavyobeba kuku ili asikurupuke.

“Ni za kusikilizia taarifa ya habari?” Thobias akauliza.

“Ni nyimbo za mwanangu Pastory. Zamani nilikuwa nazisikia. Sasa sijui ni yenyewe imechoka au ni masikio yangu.”

“Itakuwa yenyewe, mama. Masikio yako bado ya kigori.”

Hakucheka. Alimshika fundi kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. “Kidogo tu, fundi. Umenisikia? Ongeza kidogo tu. Usiifungue yote.”

“Mama, mimi kazi nusu sifanyi! Kesho utarudi kuniomba nipunguze.”

Bi Veneranda alifumbua mdomo, akaufumba. Akaondoka, na mpaka anapotea kwenye vibanda vya mitumba alikuwa bado anageuka nyuma.

Hapo ndipo mtu mwenye kusikiliza angemkimbilia amuulize, “Mama, kwa nini kidogo?” Lakini Thobias, Mungu amsaidie, alikuwa mtu wa kusema, si wa kusikiliza. Mwanga nzima tulimjua kwa mdomo wake kabla ya kumjua kwa mikono yake. Aliongea na wateja, akaongea na mashine, akiwa peke yake aliongea na bisibisi. Ukipita mbali ungesikia kicheko chake kikipanda juu ya kelele za soko, ukajua fundi yupo. Na kazi aliijua, hilo hatumnyimi.

Alianza kama wanavyoanza mafundi wote. Alipandisha sauti mpaka mwisho. Akatazama kama kuna mahali imenyamazishwa. Akafuta draiva ya sauti, akaiweka upya. Wapi! Wimbo ulisikika kama mtu anaimba chini ya blanketi, nyumba ya pili. Akachomeka hedifoni, na hapo sauti ikampiga masikioni kwa nguvu hata akazivua: kijana na gita, na nyuma ya gita maji yanapiga mawe. Basi akajua ugonjwa hauko kwenye mashine, uko kwenye spika zenyewe. Akaigeuza tumbo juu, akafungua skrubu, akainua kifuniko.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Si ile ya dagaa walioanikwa, ile tumeizoea, hata kanisani tunaingia nayo. Hii ilikuwa harufu ya matope ya chini kabisa ya ziwa, pale wavu unapokwama na mvuvi anaamua kuukata. Spika zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zilikuwa zimezibwa kwa nta. Nta ya manjano, imeshindiliwa kwa kidole, na ndani yake kuna uzi mweusi umezungushwa.

Mtu wa mji mwingine angejiuliza. Mtu wa Kigoma hajiulizi. Sisi umeme ulitukatikia miaka na miaka, na kila umeme ulipokatika tulibandika mshumaa juu ya chochote kilicho bapa: mfuniko wa sufuria, redio, televisheni, laptop ya watu. Thobias alishakwangua nta kwenye mashine ngapi maishani mwake? Aliitazama ile, akacheka.

“Bi Veneranda naye! Kawasha mshumaa juu ya kompyuta, utambi wake huu hapa.”

Akachukua pini, mswaki wa zamani na spiriti, akaanza kuchokoa. Nta ilitoka vipande vipande. Uzi ulikuwa mrefu kuliko ulivyoonekana, akauvuta na kuuvuta, na ncha ya mwisho ilipochomoka, kitu fulani kilipumua usoni pake, pumzi ya baridi, yenye unyevu. Akadhani ni spiriti. Akafunga skrubu zake, akapiga mluzi.

Sasa kuna jambo ambalo ni lazima ulijue. Fundi Thobias alikuwa na muhuri wake. Kila mashine aliyotengeneza sauti, aliijaribu kwa sauti ya binti yake, Diana, mtoto wa darasa la kwanza, mwenye pengo la meno mawili na ulimi usiolala. Diana aliinama kwenye mashine, akaimba, mashine ikadaka, kisha ikaimbishwa. Wimbo waliutunga baba na mwana, na uliachwa humo humo ndani. Wateja walipoukuta nyumbani walifurahi. Kuna afisa mmoja alirudi kuomba mtoto amwimbie na kwenye simu yake.

Diana alipotoka shule, sweta limefungwa kiunoni, baba yake akamwita. “Njoo, mama. Mpe muhuri huyu mgonjwa.”

Mtoto akapanda juu ya kigoda, akaweka mdomo karibu na mashine:

“Moja, mbili, tatu, mashine imepona! Baba Diana, fundi wa Mwanga!”

Thobias akabonyeza. Mama yoo, sauti ilivyotoka! Ilijaa kibandani, ikamwagika kichochoroni, mpaka wasagaji wakatoka mlangoni wamejaa unga hadi kwenye nyusi, wakapiga makofi. Thobias akainama kama msanii jukwaani. Na makofi yalipokwisha, kutoka kwenye spika zile, taratibu, sauti ya mwanamume ikasema, “Imepona.”

Thobias aligeuka nyuma. Hakukuwa na mtu.

“Baba, kuna kaka humo ndani,” Diana akasema, akicheka. Kicheko chake kilikwaruza mwishoni, akakohoa.

Mawingu yalikuwa yamekusanyika, na bati la kibanda lilivuja. Mali ya mteja haiachwi inyeshewe. Thobias akaifunga laptop kwenye kile kitenge, akaenda nayo nyumbani Katubuka.

*

Yusta, mkewe, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, sauti ya kwanza. Akipika aliimba, akifua aliimba, hata akigombana na mumewe ugomvi wake ulikuwa na mdundo. Jioni ile alikuwa anasonga ugali wa muhogo, na katikati ya ubeti akanyamaza, akanusa.

“Baba Diana, umeleta samaki gani? Ameoza.”

“Sijaleta samaki.”

“Basi hicho kitenge kina nini?”

“Laptop ya mteja. Kula, mama Diana, maneno baadaye.”

Wakala. Diana, ambaye siku zote hula huku anasimulia darasa zima lilivyochapwa, alisema maneno machache, na kila neno lilitoka jembamba kuliko lililotangulia, hadi alipoomba maji wazazi wake walimwelewa kwa kuona midomo. Yusta akampa asali na limau. Mafua ya mvua, wakasema. Mvua ikaanza kupiga bati, na katikati ya kishindo chake, juu ya kabati, ndani ya kitenge chenye mafundo mawili, mtoto akaimba.

“Moja, mbili, tatu…”

Yusta akaganda na tonge mkononi. “Umeiacha inawaka?”

“Itakuwa,” Thobias akasema, ingawa alijua hakuiacha. Akaishusha, akafungua mafundo. Imezimwa. Akaigeuza, akachomoa betri, akaiweka betri mezani mbele ya mkewe, kama fundi anayeonyesha ushahidi. Mashine ikabaki mkononi mwake, tupu, haina hata tone la umeme, na ikaimba, sauti nyororo ya binti yake ambaye alikuwa ameketi pale pale mkekani akiwatazama, mdomo wazi, hakuna kitu kinachotoka.

“Yesu wangu,” Yusta akanong'ona. “Thobias, hiyo ni nini? Thobias, umetuletea nini?”

Hakumwita Baba Diana, alimwita kwa jina lake, na tangu mtoto azaliwe hakuwahi kufanya hivyo. Thobias akairudisha mashine ndani ya kitenge, akakaza mafundo.

Alfajiri jogoo wao alipanda juu ya banda, akanyoosha shingo, akafumbua mdomo, akapiga mabawa yake, akashuka. Kimya. Diana aliamka, akamkimbilia mama yake kumweleza ndoto, mikono ikienda huku na huku, na hakukuwa na sauti, hata ya kwikwi, hata ya pumzi ya kulia, machozi tu yakitiririka kwenye uso uliofanya kila kitu ambacho uso wa mtoto anayelia hufanya. Yusta alimkumbatia akalia kwa niaba yake. Hospitali walimmulika koo. Daktari akasema koo ni safi, limependeza, labda mtoto ametishwa na kitu.

*

Bi Veneranda alifika kibandani asubuhi hiyo hiyo. Alitazama meza kabla ya kumtazama fundi, na kwenye meza akaona vipande vya nta na uzi mweusi. Akaketi chini kwenye vumbi na unga.

“Nilikwambia kidogo. Nilikwambia kidogo tu, mwanangu.”

“Mtoto wangu hasemi!” Thobias alimfokea, yeye ambaye hakuwahi kumfokea mteja. “Umeniletea nini, mama? Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekwambia ungekubali kuishika?”

Wakapita Katubuka kuchukua laptop, kisha wakachukuana hadi Ujiji, kwa Mzee Assani, yule aliyeziba spika mara ya kwanza, Thobias mbele na laptop, Bi Veneranda nyuma akichechemea. Mzee Assani alikuwa anashona viatu barazani kwake, maana uganga peke yake haulishi mtu. Aliona kitenge, akaweka sindano chini.

“Nani kafungua?”

“Mimi, Mzee.”

“Umeimba humo? Umeitika?”

“Mwanangu aliimba. Nilimwita mimi aimbe.”

Mzee Assani alifumba macho. “Basi umempa. Sikiliza. Huyu ni wa ziwani. Sauti yake mwenyewe hana, hakuumbwa nayo, kwa hiyo anakusanya za watu. Hanyang'anyi. Ukimwimbia umempa, akikuita ukaitika umempa. Na akishaipata sauti hutaka na mwenye sauti. Humwita majini kwa sauti ya mtu ambaye hawezi kumkatalia. Pastory alikuwa akirekodi nyimbo zake kwenye mawe haya ya ufukweni, siku moja akamsikia marehemu baba yake, aliyezama humu ziwani, anamwita ndani ya spika. Akaitika. Siku ya pili alitoka mchana, watu wanamwona, akaingia ziwani na nguo zake.”

“Mtoe basi! Msomee, mfukize, fanya mnachofanya!”

“Nimezeeka nikimziba tu, kijana. Wa kumtoa sijamwona.”

Thobias alinyanyua nyundo ya viatu. “Basi naivunja.”

“Vunja,” Mzee Assani akasema, bila kuinua sauti. “Hicho ni mlango. Ukiuvunja hutaweza kuufunga tena. Nitaziba. Mwanao ataishi bubu, lakini ataishi. Sauti itabaki humo, na humo haitamwita mtu.”

“Haitarudi?”

“Kitu kikizama ziwani unakiita kwa jina lake kikarudi?”

Nyundo ilishuka yenyewe. Mzee akaingia ndani kutafuta nta. Bi Veneranda akaisogelea laptop, akapiga magoti, magoti yale yale yaliyomgomea. Alikaa hivyo, kichwa kimeinama, na kutoka ndani ya mashine isiyo na betri sauti ya kijana ikauliza, kwa upole, kwa namna watoto wote wanavyouliza wakitoka kazini:

“Mama, umekula?”

“Usiitike!” Thobias akanong'ona, akamshika bega. “Mama, nakuomba, usiitike!”

Bi Veneranda alimtazama. Alijua, tena alijua kuliko yeye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

“Nimekula, mwanangu,” akasema. “Nimekula, nimeshiba. Na wewe je?”

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alipotaka kuongeza, midomo ilicheza bure. Na usoni, Thobias aliapa baadaye, hakuwa na huzuni. Mzee Assani alitoka na nta mkononi, akamwona, akatukana kwa uchungu, akaanza kushindilia nta na uzi mpya huku anasoma, na sauti za humo ndani zikazama moja baada ya nyingine, ya kijana, ya mama, ya mtoto, mpaka ukibandika sikio kabisa ndipo unazisikia kwa mbali.

Bi Veneranda akaisukuma laptop kwa Thobias, akaashiria kwa mkono: ibaki kwako, wewe una mtoto. Kisha akaenda zake.

*

Unajua nyumba yenye mtoto inavyokuwa. Kelele inakuchosha, unasema, “Nyamaza basi, wewe!” Thobias alisema hivyo mara ngapi? Sasa Diana alicheza uani na kopo lake na wanasesere wake wa magunzi, akawagombeza kwa kidole, na Yusta alimtazama kupitia dirishani hadi ugali ukaungua. Kwaya aliacha. Ikawa jioni anaishusha laptop kutoka kabatini, anailazia sikio kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito.

“Namsikia,” alimwambia mumewe. “Lakini mbali, baba Diana. Leo mbali kuliko jana. Anaisha.”

“Acha, mke wangu. Unajua Mzee alivyosema.”

“Najua. Siitiki. Nitashona mdomo huu, siitiki. Nataka tu kumsikia anaimba. Wewe si ni fundi?” Akamshika kifundo cha mkono, na Thobias aliijua ile baridi ya vidole. “Ongeza. Kidogo tu.”

Alimkatalia. Alimkatalia tena, na tena, na kila alipomkatalia yeye mwenyewe alisubiri mkewe alale ili naye aibandike sikio. Ndiyo maana mwishowe mkono wake haukuhitaji kulazimishwa. Alichukua sindano ya kushonea, akatoboa nta ya spika ya kushoto, tundu la kupita unywele. Sauti ya Diana ikatoka, ndogo, safi, na mashine imepona, na fundi wa Mwanga, na Diana mwenyewe akaja mbio kutoka uani, akajisikia, akacheka kicheko chake cha kimya huku anapiga makofi. Walikaa pale wote watatu wamekumbatiana, wakilia. Ilikuwa saa ya furaha, na mimi nani niwalaumu?

Habari za Bi Veneranda zilimfikia Thobias kibandani, mchana, jua kali. Muuza mawese mmoja wa pale sokoni alizileta: bibi wa Ujiji ameingia ziwani kweupe, kandambili zake amezipanga vizuri mchangani, anatabasamu, na watu waliokuwa karibu wanaapa walimsikia mwanawe akimwita kutoka majini. Thobias alihesabu upesi akilini: nta ilikuwa imara tangu ilipozibwa, hadi pale sindano yake ilipoitoboa.

Hakufunga kibanda. Alinyakua mshumaa kwenye duka la jirani, akakimbia. Alikimbia njia nzima ya Katubuka akiwapita watu waliomsalimu, mshumaa umelainika kiganjani kwa joto, na akilini ana jambo moja, azibe, azibe lile tundu, azibe na ukucha kama lazima, na alipokaribia nyumba yake, amebakiza ua wa jirani tu, alimsikia mkewe anapiga yowe nyuma ya nyumba:

“Baba Diana! Baba Diana, mtoto!”

“Nakuja!” akajibu.

Nani asingejibu? Ilimtoka kabla hajafikiri. Na ilipomtoka aliisikia ikienda, ikichomoka kooni kama ule uzi mweusi, mrefu kuliko alivyodhani, na ncha ya mwisho ilipopita, akabaki na pumzi ya baridi mdomoni.

Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu. Yusta alikuwa ndani, ameketi sakafuni, laptop mapajani. Sindano ilikuwa mkononi mwake, na nta imechokolewa yote, imetapakaa kwenye kitenge. Kidogo kilizaa kidogo kingine, na kingine tena. Alipomwona mumewe alifumbua mdomo, akafumba, akafumbua, machozi yanamchuruzika. Akajigusa koo. Akaonyesha laptop, kisha akaweka mkono sikioni kama mtu anayeitwa na mwanawe, na Thobias akaelewa kwamba ameitwa “Mama,” na ameitika “Abee.”

Alipiga magoti na mshumaa wake. Lakini spika zilikuwa kimya. Alibandika sikio kushoto, akabandika kulia. Si kwa mbali, si chini ya blanketi: kimya kabisa, kimya cha mashine ya kawaida iliyokufa. Humo ndani hakukuwa na mtu tena. Wote walikuwa wameshaondoka.

Akainua kichwa, akatazama uani. Kopo la Diana lilikuwa pale, na wanasesere wa magunzi, wamelazwa mmoja mmoja na kufunikwa jani la mgomba. Geti la mbao lilikuwa wazi.

Walikimbia wote wawili, mume na mke, mchana kweupe, katikati ya watu, na hawakuweza kumuuliza hata mmoja, “Mmemwona mtoto?” Yusta alimshika mama mmoja kanga, akamwonyesha kimo cha mtoto kwa kiganja, yule mama akajinasua akidhani ni kichaa. Barabara ilishuka kuelekea ziwani, nao wakashuka nayo, na Yusta akaanguka, na Thobias hakusimama.

Ufukweni kulikuwa na kelele za siku zote. Injini za boti, wachukuzi na magunia, wanawake wanageuza dagaa juani huku wanataniana. Na pale, kupita boti ya mwisho, kuna mtoto mwenye sweta kiunoni, maji yamemfika magotini.

Diana! Thobias alisema kwa mwili wake wote. Hakikutoka kitu. Akapiga makofi. Akaokota debe tupu, akalipiga kwa jiwe, akalipiga mpaka likabonyea, huku anakimbia, huku mchanga unamvuta miguu.

“Oya, fundi! Leo umelewa mchana mchana?” mchukuzi mmoja akamtania, na wenzake wakacheka.

Mtoto alisikia debe. Akasimama, maji kiunoni sasa, akageuka kutazama nchi kavu. Thobias akatupa debe, akapunga mikono yote miwili, na akaona kwamba mwanawe amemwona. Diana alisita. Akainua mguu mmoja kurudi.

Ndipo kutoka ziwani, juu ya injini na juu ya vicheko, ikaja sauti ambayo Mwanga nzima tunaijua, ya mtu mwenye maneno mengi, yenye furaha ndani yake. Wachukuzi waliisikia. Wanawake wa dagaa waliisikia, mpaka leo hawapendi kuulizwa.

“Njoo, mama. Baba niko huku.”

Diana akamtazama yule mtu wa mchangani anayepunga mikono bila neno. Kisha akatazama kule alikoitwa. Baba yake hakuwahi kuwa mtu wa kukaa kimya, na hilo mtoto alilijua kuliko mtu yeyote.

Akageuka, akaenda kwa baba yake.